Urafiki wa Nani? Stadi za Kijamii kwa Vijana Wenye Usonji Taita Taveta

Katika mtaala wa PEERS, kijana anayechokozwa shuleni hufundishwa asimwonyeshe mchokozi kwamba ameumia. Anapewa majibu mafupi ya kumkata hamu: "Basi?", "Kwani iko nini?", "Niambie ukifika penye kuchekesha." Anayatamka kama mtu asiyejali, halafu anageuka na kwenda zake. Kwa mvulana wa Los Angeles anayesumbuliwa na mwanafunzi mwenzake kwenye foleni ya chakula, ushauri huo una mantiki, na umejaribiwa. Sasa mpe jibu hilohilo mvulana wa miaka 15 wa Voi, alitumie kwa binamu aliyemzidi miaka minne, mbele ya wajomba. Atakuwa amelifuata somo neno kwa neno, na jioni hiyohiyo mamake ataitwa kuambiwa kwamba mwanawe hana adabu.

PEERS, mtaala wa stadi za kijamii kwa vijana wenye usonji, ulitungwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Elizabeth Laugeson pamoja na Fred Frankel. Jaribio lake la kwanza, lililohusu vijana 33, lilichapishwa mwaka 2009, na kitabu cha mwongozo kikafuata mwaka uliofuata. Ni wiki 14, dakika 90 kila wiki, vijana chumba kimoja na wazazi chumba kingine, kila upande ukiondoka na kazi ya nyumbani. Humo mna namna ya kuanzisha mazungumzo, kujiunga na kundi linaloongea, kutumia simu, kualika rafiki nyumbani, kushindwa mchezo bila kununa, kumaliza ugomvi. Kati ya mitaala ya aina hii, huu umesafiri sana: umefika Israel, Hong Kong, Japani, na kabla ya hapo Korea Kusini.

Wakorea walifanya kazi yao kwa uangalifu, na inafaa kuiangalia kabla mtu hajafikiria kuleta kitu kama hicho Pwani. Hee-Jeong Yoo na wenzake waliutafsiri mwongozo, wakaupitisha kwa wataalamu 21 wa afya ya akili ya watoto. Palipoonekana kugongana na utamaduni, hawakuamua wenyewe mezani. Waliwauliza wanafunzi 447 wa shule za kati: ninyi hufanyaje hasa? Ndipo wakarekebisha na kuujaribu kwa vijana 47, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Kilichonivutia mimi ni hao 447. Mtu mzima, hata awe na shahada ngapi, hajui vijana wa miaka 14 wanaingiaje kwenye gumzo siku hizi. Anakumbuka walivyoingia enzi zake.

Lakini kuna mstari ambao kazi nyingi za namna hii haziuvuki. Mwaka 1995 Guillermo Bernal na wenzake walitaja mambo manane ya kuangaliwa tiba inapohamishwa kutoka jamii moja kwenda nyingine: lugha, watu wanaohusika, misemo, maudhui, dhana, malengo, mbinu na mazingira. Ukisoma mitaala iliyorekebishwa, lugha imebadilika, mifano imebadilika, besiboli imekuwa kandanda. Malengo yamebaki palepale. PEERS unalenga urafiki wa rika: watu wawili wa umri mmoja wanachaguana kwa sababu wanapenda kitu kimoja, na mmoja anamwalika mwenzake nyumbani kwa miadi. Hilo ni jambo jema, na vijana wengi wenye usonji wanalitamani hasa. Swali ni kama ndilo la kwanza kwa kijana wa Voi, Mwatate au Wundanyi. Mimi nasema si la kwanza.

Kaunti ya Taita Taveta yenyewe si mahali pamoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671, na zaidi ya nusu ya ardhi iko ndani ya hifadhi za Tsavo, kwa hiyo binadamu wamebanana milimani, kandokando ya barabara na kwenye miji michache. Voi iko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, malori usiku kucha, na tangu 2017 ina stesheni ya reli ya SGR. Mwatate ina shamba kubwa la mkonge. Wundanyi iko juu kwenye baridi na mashamba ya mteremko. Taveta inatazamana na Tanzania, na shikamoo huko husikika kila hatua. Kijana mwenye usonji anayekulia kijijini juu ya Wundanyi, ambako kila mpita njia anajua yeye ni mtoto wa nani, na yule anayekulia vyumba vya kupanga vya Voi, ambako jirani ni Mkamba leo na Msomali mwezi ujao, hawahitaji somo moja.

Tuanze na wa mlimani. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha 1978, Casting Out Anger, kinahusu hasira iliyofichwa moyoni. Katika dini ya jadi ya huko, mkubwa au jamaa aliyekosewa akabaki na kinyongo aliweza kusababisha madhara, ugonjwa au hasara, hata bila yeye kukusudia. Dawa yake ilikuwa kutasa: kupuliza kinywaji kutoka mdomoni huku ukitamka maneno ya kuitoa ile hasira na kuomba heri. Leo Wataita wengi ni Wakristo, na si kila nyumba inawaza hivyo. Hata hivyo, uzito wa kinyongo cha mkubwa bado upo. Mtoto anayepita mbele ya babu mdogo bila kumsalimia hahesabiki kama mtoto mwenye haya tu. Ameacha deni, na anayelilipa ni mama yake.

Ndiyo maana orodha ya stadi inayoanza na wenzako wa shule imeanzia katikati. Huku jamii ya kijana ni ya ngazi: nyanya, wajomba, shangazi, mwalimu wa Jumapili, chifu, halafu ndio wa rika lake. Akivurugikiwa na wa juu, hata wa chini hawamfikii, kwa sababu nyumbani ataanza kufichwa. Ataambiwa abaki na kuku wakati wengine wanakwenda harusini.

Tazama matanga. Gari limewashusha barabarani, mnapanda kilima kwa miguu. Chini ya turubai kuna viti vya plastiki, wazee wamekaa mbele, spika inakwaruza, moshi wa sufuria unaelekea upande wenu. Kijana anatakiwa aanze na nani? Pole itangulie au habari? Mkono mmoja, au wa pili ushike kiwiko? Ampite mama aliyefiwa kwa sababu analia, au asimame? Na kila anayepewa mkono anauvuta, anauliza umekuwa mkubwa hivi lini, unasoma darasa la ngapi, unanikumbuka? Kwa mtu ambaye kelele zinamwingia kichwani kama misumari na kuguswa kunamchoma, hilo ni zoezi la saa nzima kabla hata ya ibada kuanza.

Hapa marekebisho yanayofaa si kumfundisha kijana awasalimie watu sitini vizuri zaidi. Familia inaweza kukubaliana naye mapema: atawapa mkono watatu, aliyefiwa, mzee mkuu wa ukoo na nyanya, kisha atakwenda kwenye kazi. Agawe maji. Apange viti. Achanje kuni nyuma ya jiko, ambako kuna nafasi ya kupumua. Katika mikusanyiko yetu kijana mwenye kazi mkononi haulizwi mbona haongei. Kazi yake imeshaongea. Nadhani hii ndiyo rasilimali kubwa kuliko zote tuliyonayo, na mwongozo wa California hauitaji kwa sababu kule urafiki hujengwa zaidi kwa kupokezana maneno. Huku watu huzoeana kwa kuchota maji pamoja, kuamka usiku kuwafukuza ndovu shambani kwa kelele za mabati, kusukuma gari lililokwama, kupakua magunia. Mvulana asiyejua kuuliza "na wewe wikendi ulifanya nini?" anaweza kuwa mwenza wa mtu kwa miaka bila swali hilo kuulizwa.

Tahadhari moja tu. Mpaka kati ya kumpa nafasi na kumtumikisha ni mwembamba, na familia nyingi zinaujua kwa sababu zimeshauvuka. Kijana anayepewa kazi ambayo wenzake wameikataa, bila shukrani wala malipo, hajafundishwa stadi yoyote ya kijamii.

Halafu kuna utani, na hapo ndipo somo la uchokozi linapohitaji kuandikwa upya lote. Nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu. Anamdai sukari, anamlaumu kwa kumwacha na njaa, anamtishia kwamba ataolewa na mwingine. Kila mtu anacheka isipokuwa yule mwenye usonji, anayejibu kwa ukali kwamba yeye si mume wa mtu na sheria hairuhusu. (Kusema kweli, jibu lake ndilo sahihi.) Kijana huyu hahitaji kufundishwa kuwapuuza wanaomtania, kwa sababu utani huu ni mapenzi. Anahitaji orodha yenye majina: hawa wakisema hivi wanacheza, na jibu ni "nitakuletea kesho". Hawa wengine wakisema hivi wanaumiza, ondoka na uniambie. Orodha ya majina ni bora kuliko kanuni, maana hata wasio na usonji hatukujifunza utani kwa kanuni. Tuliujua kwa kujua nani ni nani.

Jicho nalo limepotosha wengi. Fomu za uchunguzi zilizotungwa Ulaya na Marekani humpa kijana alama mbaya asipomtazama usoni anayeongea naye, na mafunzo yakaja na zoezi la kukaza macho. Huku kijana anayemkazia macho mzee anayemgombeza ndiye anayetafuta makubwa. Matokeo yake ni mawili yanayopingana. Mvulana mwenye adabu anaweza kuonekana ana kasoro kwenye karatasi. Na msichana mwenye usonji, aliyenyamaza, anayetazama chini, asiyechanganyika na wenzake, anasifiwa kanisani kwa upole wake na hakuna anayeuliza lolote mpaka afike kidato cha pili na bweni limshinde: kengele, foleni, taa, vitanda vya ghorofa, kelele hadi usiku wa manane.

Nikishuka mjini, stadi zinabadilika kabisa. Pale steji ya Voi makanga anaita "Mwatate, Wundanyi, mmoja anatoka!" na ndani ya gari kuna abiria wanne. Kijana anayechukua maneno kama yalivyo anaingia, anahesabu viti, anaona ameongopewa, anashuka kwa hasira au anaanza kumsomea makanga hesabu. Wiki nzima ya mafunzo inaweza kuisha kwenye jambo hili tu: kwamba kuna maneno ambayo si ahadi bali ni sauti ya kazi, kama king'ora. Gari inatoka sasa hivi. Nauli ni hiyohiyo, panda tu. Mtu aulize bei kabla ya kupanda, awe na pesa kamili, ajue kiti gani hakina spika juu yake. Kwa mwanabodaboda, ajue namba ya mmoja anayemwamini na namna ya kumkataa yule anayemvuta mkono. Kwa askari usiku, ajue maneno mawili ya kusema na mikono iwe wapi. Sijaona mtaala wa kigeni wenye sura ya makanga, na sioni kijana wa Voi atajitegemeaje bila hiyo.

Lugha nayo si moja. Kijana anaweza kuzungumza Kidawida, lugha ya Wataita, na nyanya, Kiswahili dukani, Kiingereza darasani, na wenzake wakacheka kwa Sheng asiyoielewa. Wazazi wengi wameshauriwa waachane na lugha ya nyumbani wabaki na Kiingereza ili wasimchanganye mtoto. Utafiti uliofanywa juu ya watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili haujaonyesha kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Mtoto aliyenyimwa Kidawida amenyimwa nyanya yake, na nyanya huenda ndiye mtu pekee mwenye muda wa kukaa naye mchana kutwa.

Sasa jambo linalorukwa mara nyingi. PEERS na ndugu zake wametungiwa vijana wanaoongea vizuri; jaribio la Korea liliwataka wawe na kipimo cha akili ya maneno kisichopungua 65. Ukienda kwenye vitengo maalum vya shule za kaunti hii utakutana na vijana wengi wasio na maneno, au wenye maneno machache, wengine na kifafa juu yake. Hao ndio walioonekana na kuandikishwa. Wale wanaoongea vizuri wamo madarasani mwa kawaida wakiitwa wajeuri, wavivu au vichwa maji. Basi mafunzo yanayosubiri cheti cha daktari yatawakosa waliotungiwa, na yakiwapata waliomo vitengoni hayatawafaa. Asiyeongea naye ana stadi za kijamii za kujifunza: kadi ya picha ya kuomba maji, ishara ya inatosha, mkono kifuani badala ya kupeana mkono, salamu ambayo hakuna mzee atakayeikataa akishaelezwa.

Kenya haikuanza leo. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum, EARC, vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na chuo cha KISE cha kuwafunza walimu wao kikafuata 1986. Wazazi waliunda Autism Society of Kenya mwaka 2003. Mtaala wa umilisi una njia ya pekee kwa wanafunzi wasiofuata masomo ya kawaida, yenye mawasiliano, stadi za kijamii na shughuli za kila siku. Jirani yetu Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome wameshughulika na watoto wa namna hii kwa miaka, na mradi wa SPARK umeyaleta Kenya na Ethiopia mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiendeshwa na watu wasio mabingwa. Mfumo huo wa vikao vichache, ziara na mwalimu wa kawaida ndio unaolingana na mifuko yetu. Kasoro yake kwa mada hii ni kwamba umetungiwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Ndevu zikianza kuota, mzazi ameachwa peke yake.

Kutoka Pwani pia tuna kazi ya Joseph Gona na wenzake, iliyochapishwa 2015, waliozungumza na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu chanzo cha usonji. Walitajiwa mapepo, uchawi na laana, na pamoja na hayo maambukizi, matatizo ya uzazi, urithi. Familia ileile inakwenda hospitali, kwa mganga na kwa pasta. Mkufunzi atakayefungua kikao cha kwanza kwa kuwakejeli wale wawili wa mwisho hatakuwa na watu kikao cha pili.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi ya mafunzo haya, na zinatoka kwa watu wenye usonji wenyewe. Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza mwenye usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili: asiye na usonji naye anashindwa kumsoma mwenye usonji, ila yeye hapelekwi darasani. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walipitisha hadithi mtu kwa mtu katika minyororo ya watu wanane. Minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawa na ya wasio nao; iliyochanganya pande mbili ndiyo iliyopoteza mengi. Uchambuzi wa majaribio ya vikundi vya stadi, uliotolewa na Gates, Kang na Lerner mwaka 2017, ulionyesha kwamba vijana wanaojieleza kuwa wameendelea sana wameendelea hasa katika kujua kinachotakiwa. Kukitenda ni habari nyingine, na walimu wao hawakuona tofauti. Kuna pia uchovu wa kujificha: kijana anayeigiza siku nzima asionekane alivyo hurudi nyumbani ameisha, na utafiti wa Uingereza umehusisha uigizaji huo na mawazo ya kujiua.

Sichukulii kwamba hoja hizi zinafuta mafunzo. Mtoto wa Voi hatangoji jamii ibadilike ndipo apande matatu. Ila zinabadilisha mgawanyo wa saa. Nusu ya muda wa mkufunzi, kwa maoni yangu, iende kwa watu wengine: makanga wa steji moja, walimu wa zamu, kiongozi wa vijana kanisani, imamu, wenye maduka ya mtaa huo, askari wa kituo. Mji mdogo una faida hapa. Los Angeles huwezi kuwafundisha wote watakaokutana na kijana. Kwenye kijiji cha Taita unaweza, na barazani kwa chifu wanakuja wenyewe. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopelekwa vijijini nchi nzima mwaka 2023, wanapita nyumba hizo tayari.

Jambo moja lisirekebishwe kwa jina la utamaduni: kukataa. Mafunzo yanayoongeza utii kwa wakubwa, na utii tu, yanamwandaa kijana kwa yeyote atakayemwita nyuma ya nyumba. Msichana mwenye usonji aliyezoezwa kupeana mikono na kukumbatiwa hata anapochukia, kwa sababu ndiyo heshima, amefundishwa kwamba mwili wake hauna sauti. Kwa hiyo pamoja na salamu tatu za matanga lazima liwepo somo la hapana: kwa mtu yeyote, awe mjomba, mwalimu au mchungaji, na aende kumwambia nani. Wazee wengine watalalamika. Walalamike.

Mpangilio wenyewe si mgumu kuukisia. Wiki 14 mfululizo haziwezekani kwa mwanafunzi wa bweni. Likizo za Aprili, Agosti na Disemba zinawezekana. Mzazi aliyeko sokoni au kwenye mkonge hawezi kuwa mkufunzi wa kila siku, lakini dada mkubwa au binamu anaweza, na anajua kinachoendelea kwenye simu za wenzake kuliko mama. Atakayetaka kuanza aige hatua moja ya Korea: aende kwanza kwa wanafunzi wa kawaida wa Voi, Mwatate na Taveta awaulize wanavyoingia kwenye kundi, wanavyokataa sigara, wanavyojua kwamba utani umegeuka matusi.

Kisha atengeneze kipimo chake. Miongoni mwa vipimo vya PEERS kuna dodoso linalouliza kijana amealika wenzake mara ngapi mwezi uliopita, na amealikwa mara ngapi. Kwa Wundanyi jibu la kijana mwenye marafiki tele linaweza kuwa sufuri, kwa sababu binamu haaliki mtu. Anaingia, anafunua sufuria. Hesabu iwe ya mambo mengine: ameenda mahali pangapi na familia ambako zamani alikuwa akiachwa, amepanda gari peke yake mara ngapi, ni watu wangapi nje ya nyumba wanaomwita kwa jina lake, na yeye mwenyewe, akiulizwa kwa maneno au kwa picha, ni mangapi kati ya hayo aliyapenda.